Mla mwani si mla mboga

Kaa kidogo na wafugaji wa samaki wa mapambo, hukosi kuisikia: "Huyo ni mla mwani, mpe tango na letusi, nyama asionje kabisa." Mwingine naye atadakia: "Mla mwani? Chukua wawili, kioo hutakisugua tena." Jina moja, maana mbili, na hakuna iliyo sahihi. Ningeyaacha yapite kama si samaki kufa kwa sababu yake, tena wakiwa na wenye nia njema.

Tumalize maana yenyewe kwanza. Kwa upande wa sikilidi, jamii ya samaki wa maji baridi walio ndugu wa perege, mla mwani ni samaki ambaye kinywa, meno na utumbo wake vimeumbwa kuvuna utando unaoota juu ya mawe ziwani. Wanaofugwa sana ni mbuna, wale sikilidi wa miambani wa Ziwa Nyasa, pamoja na jamii za Tropheus na Petrochromis kutoka Ziwa Tanganyika. Sasa twende kwenye huo utando, maana ndiko mkanganyiko unakoanzia.

Pitisha kidole juu ya jiwe lililokaa kwenye maji ya kina kifupi, mahali jua linapofika. Litateleza, na kidole kitatoka na ute wa kijani uliochanganyika na hudhurungi. Kwa jicho tu utasema ni mwani. Uweke chini ya hadubini, utakuta kuna nyuzi za mwani zilizolishika jiwe, na katikati ya nyuzi hizo zimejaa diatomu, ambazo ni mwani wa seli moja wenye ganda la silika. Kuna bakteria, kuna chembe za mchanga na takataka zilizonaswa, na ndani yake wanaishi mabuu ya wadudu, krasteshia wadogo (wanyama wa jamii ya kamba na kaa) na minyoo. Wanasayansi huuita mchanganyiko huo kwa neno la Kijerumani, Aufwuchs. Geoffrey Fryer, aliyewachunguza samaki wa Nkhata Bay upande wa Malawi, aliueleza kwa kina katika kazi aliyoichapisha mwaka 1959, na tangu hapo wanaowasoma mbuna hawaachi kuutaja.

Samaki anayekwangua utando huo hakai kuchambua kimoja kimoja. Ng'ombe akivuta fungu la majani humeza na panzi aliyekuwa juu yake, na hakuna anayemwita ng'ombe mla nyama kwa hilo. Lakini kwenye utando wa jiwe hao "panzi" hawapungui hata mara moja. Kila mdomo una mmea kidogo, mnyama kidogo na mchanga kidogo. Kwa hiyo mla mwani hajawahi kuwa mla mboga, hata huko kwao ziwani.

Kinachomtofautisha na sikilidi wengine ni kwamba chakula chake ni hafifu, kina makapi mengi, na kinapatikana muda wote. Atakwangua tangu kunapokucha hadi giza liingie, mdomo mmoja baada ya mwingine, na kila mdomo unampa lishe kidogo sana. Ndiyo maana ana utumbo mrefu uliojikunja mara nyingi tumboni, unaozidi urefu wa mwili wake mara kadhaa, ilhali sikilidi anayekula samaki wenzake ana utumbo mfupi tu. Utafiti wa sikilidi wa Ziwa Tanganyika uliochapishwa mwaka 2009 ulilipima jambo hili katika spishi nyingi na kuona kwamba kadiri samaki anavyokula chini zaidi kwenye mnyororo wa chakula, ndivyo utumbo wake unavyokuwa mrefu.

Utumbo wa namna hiyo umezoea kupitisha vingi visivyo na nguvu, polepole, bila kusimama. Ukiuletea kidogo chenye nguvu nyingi, tena kwa mkupuo, hapo ndipo penye balaa. Mfano unaojulikana zaidi ni moyo wa ng'ombe uliosagwa, chakula ambacho zamani kilisifiwa sana kwa kukuza samaki haraka. Mafuta ya mnyama mwenye damu moto huganda kwenye joto la maji ya tangi, na samaki huyu hana namna nzuri ya kuyasaga. Funza wekundu, mabuu yanayouzwa kama chakula cha samaki, nao wana sifa mbaya kwa Tropheus, na wafugaji wazoefu hawawapi kabisa.

Wengi wameshausikia ugonjwa wa kuvimba tumbo unaoitwa kwa jina la Malawi. Kwanza samaki hula kisha hutema. Halafu anaacha kabisa, anajitenga, anapumua haraka, kinyesi kinatoka cheupe na chembamba kama uzi. Tumbo huja kuvimba mwishoni, na likishafika hapo mara nyingi mambo yameharibika. Chanzo chake kinabishaniwa mpaka leo: wapo wanaovitaja vimelea vya utumboni, wapo wanaotaja msongo wa kupigana na kuhamishwa, wapo wanaotaja maji machafu. Chakula kisichofaa huwa hakikosi kwenye orodha, na ndicho kilicho mikononi mwa mfugaji kila siku.

Kutokana na woga wa ugonjwa huo ndiko kulikozaliwa ile amri ya "asionje nyama", na hapo watu wameruka kutoka shimo moja wakaangukia jingine. Wanaikimbia protini kana kwamba ndiyo sumu, wanambebesha samaki majani. Letusi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Samaki atalitafunatafuna, mwenye tangi atafurahi, na lishe iliyoingia ni karibu na hakuna. Upande wa pili, chakula ambacho watu hao hao hukitaja kama mboga bora ya sikilidi ni spirulina. Spirulina ikikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na mara nyingi hufika karibu asilimia 60. Tena kwa hesabu za kibiolojia si mmea hata kidogo. Ni bakteria wanaotumia mwanga wa jua. Anayempa samaki spirulina kwa imani kwamba anamnyima protini, anamlisha protini kwa kijiko.

Na kumlisha hivyo ni sawa. Mla mwani anahitaji protini kama samaki yeyote. Cha kuangalia ni imetoka wapi, imekuja na mafuta kiasi gani, ina makapi ya kuisindikiza, na imeingia kwa kasi gani. Geuza kopo la chakula usome upande wa nyuma, maana mbele kila kopo lina picha ya jani. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kizito kuliko vyote. Ukikuta unga wa samaki, kisha ngano, kisha mafuta ya samaki, na spirulina imejificha karibu na vitamini, hicho ni chakula cha kawaida kilichopakwa rangi ya kijani. Kinachofaa kina spirulina, mwani wa baharini au mboga nyingine kwenye viungo vya mwanzo, na mafuta yake ni ya chini. Ongezea mara moja moja njegere zilizochemshwa na kumenywa, au karatasi ya mwani wa baharini isiyotiwa chumvi wala mafuta. Kamba wadogo wadogo mara chache hawamdhuru mbuna mwenye afya. Kwa Tropheus mimi ni mgumu zaidi, siwapi.

Kiasi kinauma kuliko aina. Kidogo mara mbili tatu kwa siku, kile kinachokwisha ndani ya dakika moja au mbili, ni bora kuliko rundo moja la jioni. Tropheus atakuja mbele ya kioo akitingishika kama hajala tangu juzi. Ndivyo alivyo. Ukimwamini, utamzika.

Halafu tuseme ukweli, hata hao wakwanguaji hawafanani. Labeotropheus, mmoja wa mbuna, ana pua iliyokuja mbele na kinywa kilichokaa chini yake, hivyo anakwangua akiwa amelala sambamba na jiwe. Petrochromis ana meno mengi membamba kama brashi, anachana diatomu na kuziacha nyuzi. Tropheus huzikata nyuzi zenyewe. Na yule mbuna wa manjano anayependwa na kila mtu, Labidochromis caeruleus, huko ziwani hudonoa zaidi wadudu na viumbe wadogo waliojificha kwenye mwamba. Anaitwa mbuna, anauzwa na mbuna, lakini ukimwita mla mwani umemsingizia. Akichanganywa na Tropheus kwenye tangi moja, lazima mmoja wao atakula chakula cha mwenziwe.

Kuna la kuchekesha hapa. Mwaka 1980 Karel Liem, mtaalamu wa maumbile ya samaki, alionyesha kwamba sikilidi wenye meno ya kazi maalumu kabisa hula vitu vingine kwa furaha pale vinapopatikana kwa urahisi. Meno hayo huwasaidia siku ya dhiki, kizuri kinapoadimika. Hata ziwani, plankitoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea, ikijaa majini, wakwanguaji huyaacha mawe na kuifuata. Kwa hiyo samaki wako akimshambulia funza kwa pupa, usichukue hilo kama ushahidi kwamba funza anamfaa. Kinywa kinakubali vingi ambavyo utumbo utavikataa baadaye.

Tukirudi kwa ndugu yetu wa kioo: ndiyo, watakwangua, na mawe yako yatakuwa safi kiasi. Ila watakwangua wanachokitaka, wataacha mwani mgumu ulioshika pembeni, na watatoa kinyesi kingi kuliko samaki wengi wa ukubwa wao, ambacho nacho ni mbolea ya mwani mwingine. Sifongo bado utaihitaji. Ukisugua, sugua kioo cha mbele tu unachotazamia, mawe ya nyuma uyaache na utando wake wapate cha kuchungachunga kati ya mlo na mlo.