Mtoto ndiye mwenye vurugu, kwa nini mafunzo apewe mzazi?

Mwanangu wa miaka 4 anapiga wenzake, anarusha vitu na kila akiambiwa jambo anagoma. Nilimpeleka kwa mtaalamu, nikaambiwa mafunzo ni yangu mimi. Je, kosa ni langu?

Hapana, na tafadhali usiende ukiwa na wazo hilo. Mtoto wa umri huo hawezi kuketi na mshauri akazungumzia hasira zake, kisha akayakumbuka mazungumzo hayo siku atakaponyang'anywa kitu. Wewe ndiye uliye naye akiamka, akila, akikataa kuoga. Ukiwa na mbinu, unazitumia palepale. Wapo watoto wanaozaliwa wagumu kutulia, na mzazi wao huhitaji ujuzi kuliko wazazi wengine.

Vurugu hizi hukomaa vipi?

Mwanasaikolojia Mmarekani Gerald Patterson alichunguza jinsi wazazi na watoto wanavyovutana nyumbani. Mzazi anaagiza, mtoto anapiga mayowe, mzazi anachoka na kumwachia. Mtoto amejifunza kuwa mayowe humwondolea kazi. Kesho mzazi anafoka zaidi, mtoto anatii, na sasa mzazi naye amejifunza kufoka. Bila yeyote kukusudia, kila mmoja anamzoesha mwenzake ukali.

Nitafundishwa nini hasa?

Programu ni nyingi. Mojawapo, iliyoanzishwa na Sheila Eyberg miaka ya 1970 kwa watoto wa miaka 2 hadi 7, humweka mtaalamu nyuma ya kioo, akimwelekeza mzazi kupitia kifaa cha sikioni wakati mzazi anacheza na mtoto.

Mafunzo huanza na mchezo, si adhabu. Kila siku, kwa dakika 5, mtoto anaongoza na wewe unamfuata: unataja anachofanya, unarudia maneno yake, unamsifu. Humuulizi maswali, humwamuru, humkosoi. Wazazi wengi hutamani kuiruka hatua hii wafike kwenye nidhamu. Nakusihi usiiruke. Mtoto aliyezoea kutazamwa anapoharibu tu ataendelea kuharibu ili atazamwe. Na sifa itaje tendo lenyewe: "Umefanya vizuri kumsubiri mwenzako" humfundisha zaidi kuliko "wewe mtoto mzuri."

Kisha yanakuja maagizo. Msogelee, mwambie jambo moja, waziwazi: "Weka viatu mlangoni." Ukisema "Utaweka viatu?" umempa nafasi ya kujibu hapana. Akigoma baada ya onyo moja, anaketi pembeni dakika chache bila kusemeshwa, halafu agizo linarudi lilelile. Kipigo hakimo.

Nimeanza kupuuza mayowe yake, lakini yamezidi!

Ni kawaida. Njia iliyokuwa ikimpatia anachotaka imezibwa, kwa hiyo anaisukuma kwa nguvu zaidi kabla hajaiacha. Ukikubali siku mayowe yalipofika kileleni, utakuwa umemwonyesha kuwa hapo ndipo pa kufika. Walezi wote nyumbani, babu na bibi wakiwemo, wafuate msimamo mmoja. Ila kinachopuuzwa ni mayowe, kununa na kudeka tu. Akimuumiza mtu au akijiweka hatarini, mzuie mara moja.

Si afadhali apewe dawa?

Hata kwa watoto wenye tatizo la kukosa umakini na kutotulia, mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani unataka walio kati ya miaka 4 na 6 waanze na mafunzo ya wazazi. Dawa hufikiriwa mafunzo yasipotosha na shida ikiwa bado kubwa.

Hata hivyo, mwombe daktari amchunguze kusikia, usemaji na usingizi, na dalili za usonji. Asiyesikia vizuri huonekana mkaidi, na asiyelala vya kutosha hukasirika upesi. Na kama wewe mwenyewe una sonona au unapigwa nyumbani, mweleze mtaalamu tangu siku ya kwanza, ili nawe usaidiwe wakati huohuo.