Kromosomu Iliyochelewa Si Ushahidi wa Sumu

Kila msimu huletwa kwangu picha ya seli mama za chavua (seli zinazogawanyika kuwa chavua) za lariksi, mti wa jamii ya misonobari, ikionyesha kromosomu mbili, yaani nyuzi zinazobeba urithi, zilizosalia katikati ya seli ilhali nyingine zimeshafika kwenye ncha, na aliyeileta ameshahukumu: kiwanda cha jirani kimeitia hewa sumu. Mashtaka haya yamenichosha.

Lariksi huanza meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu kuwa nusu, katika vuli, husimama kwenye diplotini, hatua moja ya mgawanyiko huo, majira yote ya baridi, kisha huendelea karibu na machipuko. Ikiwa imesimama hapo huvumilia baridi kali. Ikishaondoka, nyuzijoto chache tu chini ya sifuri huweza kuivuruga. Lariksi ya Siberia, iliyozoea baridi isiyokatika, ikipandwa Uswidi huamshwa mapema na siku chache za joto, halafu jalidi huirudia seli zikiwa katikati ya kugawanyika. Hapo ndipo huzuka kromosomu zinazobaki nyuma, viini vidogo vya ziada, chavua tupu na chavua kubwa yenye kromosomu zote 24 badala ya 12. Watafiti wa Uswidi waliyaeleza haya tangu miaka ya 1960, wala hawakuhitaji kiwanda.

Daraja la kromosomu, yaani kromosomu iliyotandazwa kati ya ncha mbili za seli inayogawanyika, nalo lina hadithi yake. Likiambatana na kipande kisicho na sentroma (sehemu ya kromosomu inayoshikwa ili ivutwe kwenye ncha), mara nyingi huonyesha kwamba mti umerithi kromosomu moja yenye sehemu iliyogeuzwa, na kwamba ubadilishanaji wa vipande kati ya kromosomu mbili za jozi umetokea ndani ya sehemu hiyo. Misonobari yenye afya kamili huwa nayo. Daraja lisilo na kipande ndilo linaloniudhi, kwa sababu kromosomu zilizonata, au kidole kilichokandamiza kioo kupita kiasi, hutoa umbo lilelile, na watu wawili wenye ujuzi wakihesabu slaidi moja huweza kupata idadi tofauti. Vitabu huchapisha asilimia bila kuligusa jambo hilo.

Sikatai kwamba mionzi hudhuru: kromosomu za misonobari ni kubwa mno, hivyo ni shabaha rahisi, na misonobari iliyokufa karibu na Chernobyl, kituo cha nyuklia kilicholipuka mwaka 1986, ilionekana na kila mtu. Lakini anayedai sumu aniletee kwanza rekodi za joto za majuma yale, aseme koni ilichumwa tawi gani na saa ngapi, na aweke kando yake miti ya asili ileile, iliyo katika hatua ileile, mbali na kiwanda hicho.