Bango la mazingira huishia wapi?

Mimi ni mbunifu wa michoro hapa Nairobi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kampeni za usafi na mazingira. Vijana wanaotaka kuifuata njia hii huniuliza waanze na programu gani. Mimi huwauliza: bango lako likishatumika, litaishia wapi?

Mabango mengi jijini huchapishwa kwenye turubai la PVC. Ni nafuu, halilowi, na ukipeleka faili kwa wachapishaji wa River Road asubuhi, jioni unarudi nalo. Lakini PVC ni plastiki yenye klorini. Ikichomwa hutoa moshi wa asidi na sumu ya daioksini, na mitaani kwetu taka huchomwa kila siku. Mama mboga akipata turubai moja la kufunika kibanda, ni heri. Mengine hufika kwenye jaa la taka la Dandora. Siwezi kuwahimiza watu waache plastiki kwa kuwaongezea plastiki.

Kwa hiyo napendelea ukuta. Nairobi ina mafundi hodari wa kuandika kwa mkono. Tazama tu kuta za maduka, vinyozi na hoteli. Mimi huchora, fundi wa mtaa huo hupaka. Tunahitaji ruhusa ya mwenye ploti na kibali cha kaunti, kisha vipimo: herufi ya sentimita 10 husomeka vizuri ukiwa umbali wa mita 10 hivi. Ukuta uliopakwa na kijana wa pale pale hulindwa na wenzake.

Mchoro wenyewe ndio unaonichukulia muda. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Ile alama ya mishale mitatu, ya kuchakata taka upya, haimwambii kitu mtu aliyeshika ndoo. Nachora maganda ya viazi, vijiti vya sukuma wiki, pakiti ya maziwa, chupa ya soda, yaani vitu vilivyomo ndani ya ndoo yenyewe.

Na kabla ya kugusa rangi, nazungumza na vijana wa mkokoteni wanaozoa taka. Wakizimwaga taka zote pamoja, wapangaji wataona wanasumbuliwa bure, na watakuwa na haki. Hapo kinachohitaji ubunifu ni mkokoteni: kuugawa sehemu mbili kwa mbao. Nimewahi kuwashauri wateja waahirishe mchoro hadi hilo litengenezwe, na nitaendelea kuwashauri hivyo.

Malipo? Yapo, ingawa matangazo ya biashara hulipa zaidi. Wengi wetu huchanganya yote mawili. Msikubali neno “jamii” liwe sababu ya kufanya kazi bure. Katika kwotesheni andika ujira wa fundi katika mstari wake, kisha mstari mwingine wa kupaka upya baada ya mvua za masika, kwa kuwa rangi ya ukutani hufifia na mfadhili akishapiga picha zake huwa ni vigumu kumrudisha.