Dawa Ipo kwenye Kanzidata. Je, Ipo kwenye Mwongozo?

Mama mmoja alifika kwenye dirisha letu la dawa hapa Dar es Salaam, simu mkononi. "Dokta, hapa wameandika klorokwini inatibu malaria. Mbona madukani mnaninyima?"

Alichosoma hakikuwa uongo. Ukifungua DailyMed, kanzidata (hifadhi ya taarifa mtandaoni) ya dawa ya Marekani, klorokwini imo na malaria imetajwa. Ukisoma kwa utulivu utaona pia kwamba ni kwa vimelea ambavyo havijawa sugu. Vya kwetu vilishakuwa sugu zamani: Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 ikaingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa ya mseto, ALu (artemeta na lumefantrini).

Kanzidata ya dawa inakueleza dawa yenyewe: dozi, madhara, inagongana na nini. Mgonjwa wa Temeke aanzishiwe ipi, hiyo ni kazi ya mwongozo wa matibabu. Kwa hiyo anza na Mwongozo wa Taifa wa Wizara ya Afya, unaokwenda pamoja na orodha ya dawa muhimu. Humo unatafuta kwa jina la ugonjwa. Kisha angalia mwaka wa toleo. Nimeshaona toleo la zamani likizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wahudumu, limekosa jalada, na watu wanaligawa kama jipya.

Ukishajua dawa, ndipo uende kwenye kanzidata, na hapo majina yatakusumbua. Parasetamoli, Wamarekani wanaiita acetaminophen. Salbutamol ya pumu kwao ni albuterol, na glibenclamide ya kisukari ni glyburide. Mwanafunzi wetu mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliwahi kupekua orodha ya Kimarekani nusu saa nzima, akaniambia salbutamol haipo duniani. Andika jina halisi la dawa, achana na jina la biashara lililo kwenye boksi.

Ukikosa jibu kwenye mwongozo wetu, nenda kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani. PubMed, kanzidata ya makala za utafiti wa tiba, nayo ni bure, na ina kichujio cha aina ya makala kinachokuletea miongozo peke yake. BNF, kitabu cha rejea cha dawa cha Uingereza, naipenda sana kwa dozi, lakini kwa kuchagua antibayotiki nakuwa mwangalifu, maana usugu wa bakteria wa kule si lazima uwe wa hapa. Na kama unataka kujua dawa imesajiliwa nchini, uliza TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Turudi kwa yule mama. Nilimfungulia ukurasa wa malaria kwenye mwongozo. Kabla ya dawa yoyote, wanataka kipimo.

"Umepima?"

"Hapana, ni homa tu na kichwa."

Nikamwelekeza maabara. Kipimo cha haraka kilitoka hakina malaria, akarudishwa kwa daktari kutafuta chanzo cha homa.