Konkolojia ni nini hasa, na wanaochunguza makombe wanatafuta nini mle

Konkolojia ni elimu ya magamba ya konokono, hasa wa baharini, na jamaa zake kina chaza, yaani lile kombe gumu lenyewe. Ukianza kumchunguza na mnyama wa ndani hapo umeshahamia malakolojia, na kusema kweli siku hizi wataalamu wengi wanafanya vyote viwili.

Ili uelewe kwanini watu wazima wanamaliza maisha yao kwenye makombe inabidi kwanza ujue gamba linavyotengenezwa. Konokono haokoti gamba (wanaookota ni wale kaa wanaohamia magamba ya wenzao), yeye analo tangu mdogo na habadilishi mpaka anakufa. Kuna ngozi laini mwilini mwake inaitwa mantili, hiyo ndo inatoa kalisiamu kaboneti (yaani chokaa) na kuongezea pale mdomoni mwa gamba, kwahiyo gamba linazunguka huku linapanuka na ile ncha ya juu, kama haijasagika, ni gamba lake la utotoni bado lipo palepale. Akibanwa na kaa gamba likavunjika ukingoni ila yeye akachomoka mzima, anaziba na kovu linabaki hapo moja kwa moja.

Wa mwanzo wanaotajwa sana ni Rumphius, Mjerumani aliyefanyia kazi kampuni ya Waholanzi kule Ambon, Indonesia. Alipofuka macho 1670 lakini akaendelea na kazi kwa kusaidiwa na wengine, na kitabu chake chenye makombe ya Ambon kikatoka 1705 yeye ameshafariki miaka mitatu nyuma. Baadae 1758 Linnaeus, Mswidi aliyeweka utaratibu wa kuwapa viumbe majina ya kisayansi, akayapa makombe kibao majina ya Kilatini, mengine kama Conus (konokono wenye gamba la umbo la pia) yanatumika hadi leo. Ila mwaka mmoja kabla yake Mfaransa Adanson, aliyekaa Senegal, alishatoa kitabu kinachoeleza mnyama pamoja na gamba lake, maana magamba yanaweza kufanana na wenyewe wa ndani wakawa tofauti kabisa. Kwa hili mimi nipo na Adanson.

Halafu kuna kina Hugh Cuming, Mwingereza, huyu alikuwa mkusanyaji haswa, akazunguka Amerika Kusini na Ufilipino, na alipofariki makumbusho ya Uingereza ikanunua mzigo wake 1866 kwa pauni 6,000, zaidi ya vipande 80,000! Shida ni kwamba mengi hayana maelezo ya kuaminika yametoka wapi, na kombe lisilojulikana limetoka wapi kwa mtafiti ni pambo tu.

Anayenivutia zaidi ni Geerat Vermeij, amezaliwa Uholanzi 1946, haoni tangu ana miaka mitatu, makombe anayasoma kwa vidole. Ndo huyo aliyeyachukulia yale makovu kama ushahidi wa vita kati ya konokono na kaa, akalinganisha bahari na bahari akakuta magamba ya tropiki ya Hindi na Pasifiki ya magharibi kwa ujumla yamejihami kuliko ya Atlantiki, ni manene, tundu la mdomoni limebana, mengine yana meno kabisa pale mlangoni, kwasababu huko kaa wenyewe wana magando ya kuvunjia sio mchezo.