Je, wajua? Hijra wa India si lazima awe huntha

Miaka mingi niliamini hijra, yaani mtu wa ile jamii ya India ya wasiohesabiwa wanaume wala wanawake, ndo huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume moja kwa moja wala ya kike, na nikawa nawaambia watu hivo hivo. Nilikosea. Mahijra wengi walizaliwa na maumbile ya kiume ya kawaida kabisa, wakaingia kwenye jamii hiyo baadae, na huntha wamo ila ni wachache.

Chukulia hivi: uhuntha ni kama kuzaliwa na mashoto, hukuchagua, hukufundishwa, na unaweza kuishi nao mpaka uzeeni jirani asijue. Uhijra ni kama kuingia kwa fundi, unapokelewa na guru, yaani mkuu anayekulea, unakuwa chela wake, yaani mwanafunzi, unahamia kwao, unajifunza kucheza na kutoa baraka kwenye harusi na penye mtoto mchanga mpate hela, na guru wako nae ana guru wake. Sasa mafundi wenye mashoto wapo, lakini huwezi kujua mashoto wako wangapi mjini kwa kuhesabu mafundi. Ndo maana sensa ya 2011 iliyoweka kisanduku cha "wengine" na kupata watu kama 488,000 haituambii idadi ya huntha, maana huntha wengi wanaandikwa tu mwanamume au mwanamke.

Mchanganyo huu umeingia hadi kwenye sheria. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilitambua jinsia ya tatu, afu sheria ya 2019 ikawaweka huntha ndani ya maana ya transijenda (mtu asiyejiona wa jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa), pamoja na mahijra. Lakini shida zao hazifanani! Transijenda anaomba atambuliwe alivyo, mtoto huntha anahitaji kwanza aachwe, asipasuliwe akiwa mchanga ili tu aonekane kama wenzake, maana kilichokatwa hakirudi na yeye hakuulizwa.

Na cha ajabu, ulinzi wa watoto hawa ulitokea kwenye kesi ya ndoa. Mwanamume mmoja na mwanamke transijenda walioana hekaluni huko Tuticorin, mji wa jimbo la Tamil Nadu, 2018, msajili akagoma kuiandika. Aprili 2019 Jaji G.R. Swaminathan wa Mahakama Kuu ya Madras, akikaa Madurai, akaamuru ndoa isajiliwe, na humohumo akaitaka serikali ya Tamil Nadu izuie upasuaji huo wa watoto huntha. Agosti jimbo likatoa katazo, isipokuwa maisha ya mtoto yakiwa hatarini, na likawa la kwanza India. Ile sheria ya 2019 ya nchi nzima, iliyowataja huntha kabisa, katazo hilo haikuliweka.