Kuchua mgongo na kiuno: mkono uende wapi, kwa nguvu kiasi gani, na lini usiguse

Mtu akiamka kiuno kimekaza, neno la kwanza analosikia nyumbani ni "lala nikuchue". Ni neno la huruma, na mara nyingi ni ushauri mzuri. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu maumivu sugu ya kiuno, yaani yaliyopita miezi 3, katika huduma za afya za msingi. Kuchua kumo ndani yake, tiba ya sindano ya Kichina imo, na mazoezi yamo. Mikanda ya kiuno na mashine za kuvuta uti wa mgongo, ambazo watu huuziwa kwa fedha nyingi, mwongozo huo unashauri zisitumiwe kama tiba ya kawaida.

Kinachoharibu kazi hii majumbani ni nguvu. Wengi huamini kuna mshipa uliopishana au pingili iliyotoka, hivyo lazima irudishwe kwa kubonyezwa. Kati ya watu 10 wenye maumivu ya kiuno, kama 9 hawana kitu kilichotoka mahali pake. Misuli imejikaza kulinda sehemu inayouma, na mfumo wa fahamu umekuwa mwepesi kuhisi maumivu. Mkono wa kuchua huutuliza mfumo huo, na misuli ikaachia. Ndiyo maana kumponda mtu kwa kiwiko au kumkanyaga mgongoni hufanya kinyume: mwili unajilinda zaidi, na kesho yake kiuno kigumu kuliko jana.

Mlaze kifudifudi kwenye godoro gumu au mkeka wenye blanketi. Kitanda kinachobonyea humeza nguvu yote ya mkono wako. Mto mwembamba uwe chini ya tumbo na mwingine chini ya vifundo vya miguu, ili kiuno kisizame. Uso uangalie pembeni, na abadilishe upande kila baada ya dakika kadhaa, la sivyo atainuka na shingo iliyokaza. Asiyeweza kulala hivyo akae kwenye kiti akielekea egemeo, mikono na kichwa vikipumzika juu yake.

Kata kucha, vua pete. Mafuta ya kula kijiko kimoja kikubwa yanatosha mgongo mzima. Ya nazi, ya ufuta, ya alizeti, yote sawa, kwa sababu kazi yake ni kuteleza tu. Yakizidi, mkono hauna pa kushika. Yapashe kwanza viganjani. Mafuta ya baridi yakidondoka mgongoni misuli hushtuka na kukaza upya.

Dakika 3 za mwanzo ni za kupapasa. Viganja viwili bapa, kimoja kila upande wa uti wa mgongo, vipandishwe kutoka kiunoni hadi mabegani kisha vishuke kwa pembeni. Hapo ndipo unapoijua misuli: upande mmoja utaukuta umesimama kama kamba, mwingine umelala. Baada ya hapo kanda kwa kitako cha kiganja, mviringo wa polepole, kwenye ile misuli minene iliyo vidole viwili kando ya uti. Pingili zenyewe usizibonyeze, pale ni mfupa chini ya ngozi na hakuna cha kulegeza. Pembeni, chini kidogo ya mbavu za mwisho, kuna figo. Pitisha mkono kwa wepesi.

Pale panapouma zaidi paache mwisho. Weka kidole gumba, kingine juu yake kukiimarisha, nyoosha viwiko, kisha egemea kwa uzito wa mwili badala ya kusukuma kwa kidole. Muulize: kutoka 0 hadi 10, yanauma kiasi gani? Tafuta 4 au 5, yale maumivu ambayo mtu husema "hapo hapo, usitoe". Tulia sekunde 30 hadi 60 bila kuongeza wala kupunguza. Mara nyingi ile 5 hushuka yenyewe. Ikipanda, toa mkono. Wala usitegemee mdomo peke yake, maana wengi hujikaza wasionekane waoga: akizuia pumzi, akikunja vidole vya miguu au makalio yakikaza, umeshapita kiasi. Kazi nzima iwe dakika 15 hadi 20.

Nafuu ya kuchuliwa ni ya saa chache au siku chache, kwa hiyo itumike palepale. Atembee dakika 10. Kisha alale chali, avute goti moja moja kifuani mara 10 kila upande, na ainue makalio kutoka sakafuni mara 10 magoti yakiwa yamekunjwa. Anayechuliwa kila wiki na halafu akarudi kukaa kwenye kiti kutwa nzima anatibu kiuno kilekile mwaka hadi mwaka. Kuhisi uchovu wa misuli siku moja au mbili, kama aliyetoka kulima, ni kawaida. Damu kuvilia chini ya ngozi si kawaida; ni alama kuwa nguvu ilizidi. Asiye na wa kumchua atie mpira wa tenisi ndani ya soksi ndefu, auweke kati ya mgongo na ukuta, kando ya uti, kisha apande na kushuka taratibu kwa kukunja magoti.

Sasa pa kutogusa, na hapa tunaomba msomaji asome polepole.

Jeraha jipya, la kuteguka au kugongwa, lisichuliwe kwa siku 2 hadi 3 za kwanza. Panapodhaniwa mfupa umevunjika, pasichuliwe kabisa hadi picha ipigwe. Msuli uliovilia damu ukipondwa kwa nguvu unaweza kuota mfupa ndani yake, na kiwiko cha mtoto aliyeumia hapo, kwa mfano, kikabaki hakinyooki maisha yake yote.

Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya basi, upasuaji au kujifungua, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likichuliwa linaweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu. Huyo ni wa hospitali, siku hiyohiyo.

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, au pingili moja kuanza kujitokeza nje, yachunguzwe kwa TB ya uti wa mgongo. Mtu anaweza kuwa nayo bila kukohoa hata kidogo. Na mgonjwa wa kiuno akipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukagoma au kumtoka bila kujijua, au miguu ikaishiwa nguvu, ni dharura. Saa zinazopotea kwa kuchuliwa huenda zikamgharimu uwezo wa kutembea na wa kuzuia haja.

Tumbo la mjamzito lisichuliwe kwa nia ya kumgeuza mtoto. Kondo la nyuma linaweza kubanduka na mama akavuja damu ndani kwa ndani bila anayechua kujua. Kumgeuza mtoto kwa mikono kunafanyika hospitalini, kwa kipimo cha picha na chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Miguu na mabega ya mama yapapaswe kwa upole akiwa amelala ubavu, mradi mguu mmoja haujavimba.

Huduma ya kinyozi inahitaji neno lake. Akimaliza kunyoa huchua mabega, na hiyo inapendeza. Kisha hushika kidevu na kisogo, akazungusha shingo ghafla mpaka ilie. Mlio ule ni wa hewa iliyomo kwenye ute wa kiungo, si mfupa kurudi mahali pake. Kinachoweza kutokea, ingawa ni nadra, ni kuchanika kwa utando wa ndani wa mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na matokeo yake ni kiharusi, hata kwa kijana. Mwambie kabla hajaanza: mabega sawa, shingo usizungushe.

Dawa za kuchua zenye harufu kali zina kazi yake, ila usiweke chupa ya maji ya moto juu yake wala usifunge sehemu hiyo kwa plastiki, ngozi huungua. Nyingi zina kiambato kinachofanana na aspirini kinachopenya hadi kwenye damu, hivyo anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi asikandwe maji ya moto miguuni, kwani hatajua anaungua.

Kuhusu sindano za Kichina: Zanzibar imepokea timu za madaktari wa China tangu 1964, Tanzania Bara tangu 1968. Sindano yenyewe ina unene wa kama milimita 0.25, wakati ile ya kawaida ya kupigia dawa msulini hufika 0.8. Huachwa mwilini dakika 20 hadi 30, na hakuna dawa inayoingizwa. Ifunguliwe kutoka pakiti iliyofungwa, mbele ya macho yako, na ikitoka iende kwenye boksi la taka zenye ncha kali. Iliyotumika kwa mwingine inaweza kuleta homa ya ini au VVU. Anayetoa huduma awe na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala au wa taaluma ya afya. Usiende ukiwa na njaa, maana wengine huzimia kwenye sindano ya kwanza. Na ukichomwa juu ya bega au kifuani, kisha pumzi ikawa fupi au kifua kikabana, hata kama ni saa kadhaa baadaye, nenda hospitali ukaseme ulichomwa wapi, kwa sababu ncha ya sindano huenda imegusa pafu.